Mahari ya Mwalimu Maimunah

Sehemu iliyopita, wasomaji wangu, mliniacha mlangoni mwa duka la Nasser, mkono mmoja umeshika buibui, mwingine umeshika barua isiyo yangu. Nasser alikuwa nyuma ya kaunta, ananitazama kama paka aliyeona kifuniko cha sufuria kimekaa upande. Akaniambia neno lile lililowaacha na hamu:

"Bi Sabah, mke wa mpinzani wangu haji dukani kwangu kununua chumvi. Sema kilichokuleta."

Nikasema. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilisema yote.

"Maftah anaoa."

"Anaoa? Lini?"

"Jumamosi hii. Baada ya uchaguzi wenu wa kamati ya shule."

Nasser akauacha mzani. "Mume wako huyu huyu, mwenyekiti wetu? Anamuoa nani?"

"Yule mwalimu mpya. Maimunah."

Nikaiweka barua juu ya kaunta.

Barua ile niliitoa Jumatano kwenye mfuko wa kanzu ya mume wangu, nilipokuwa nataka kuifua. Aliyeiandika ni karani wa shule, Ssenkubuge, Muganda mwema kabisa, ila ulimi wake na kalamu yake vimekataa kujua tofauti ya l na r. Ilisema hivi:

Habali ya kazi Mwenyekiti. Mahali ya Mwalimu Maimunah iko tayali. Wazee wamekubali. Jumamosi baada ya kula tutamwingiza. Mama ya nyumbani asijue.

Sisi wa Old Kampala, ambao babu zetu walikuja na misafara kutoka pwani, tuna kiburi cha Kiswahili. Mwenzetu akisema habali, sisi tunasikia habari. Akisema tayali, tunasikia tayari, na tunacheka kidogo chini ya ushungi. Basi Ssenkubuge akiandika mahali, mimi nisikie nini? Nilimsahihisha kichwani palepale, kama mwalimu mwenye wino mwekundu. Mahari! Mahari ya Mwalimu Maimunah iko tayari. Wazee wamekubali. Watu watakula, kisha bibi harusi ataingizwa ndani. Na mimi wa nyumbani nisijue.

Nasser naye ni wa ukoo kama wetu. Aliisoma mara mbili, akasahihisha vilevile.

"Mahari," akasema. "Huyu Ssenkubuge hata jina lake akiliandika anahitaji mkalimani."

"Basi mshinde," nikamwambia. "Simama Jumamosi mbele ya wazazi, waambie mwenyekiti wao anaoa walimu. Wamnyime kura. Akikosa kiti, atakosa na sababu ya kushinda pale shuleni."

Hilo tu ndilo nililotaka, wasomaji wangu. Nilitaka ashindwe, arudi nyumbani, akae kwenye mkeka wangu anywe chai yangu.

Lakini Nasser alikuwa hanisikilizi tena. Alikuwa anaisoma barua mara ya tatu.

"Bi Sabah, wewe ni binti wa Maalim Farouk. Nikumbushe. Mwanamke wa Kiislamu anaolewaje?"

"Kwa mahari, kwa mashahidi wawili, na kwa walii."

"Walii wa Maimunah ni nani?"

Nikaitazama barua mikononi mwake.

"Baba yake nani? Kaka yake yuko wapi? Amekuja mwezi wa pili na sanduku moja. Sijaona hata shangazi mmoja aliyekuja kumjulia hali. Sasa hiyo mahari wamepelekewa akina nani?" Akaikunja barua, akaitia mfukoni mwake, siyo mwangu. "Swali zuri umeniletea. Yuko rafiki yangu mmoja atalipenda sana."

Rafiki huyo sisi sote tulimjua. Ni Luteni mmoja wa kambini, aliyekuja kunywa chai dukani kwa Nasser, kwenye kiti alichokiacha Muhindi aliyefukuzwa mwaka wa sabini na mbili. Miwani myeusi haivui hata ndani ya nyumba. Watu aliowauliza maswali, wengi hatujawasikia wakijibu salamu tena.

"Nirudishie barua yangu," nikasema.

"Barua ya mumeo," akasema Nasser. "Na chumvi, utachukua?"

Nikatoka bila chumvi.

*

Njiani moyo ulinisuta, lakini miguu haikurudi. Nilijiambia, Maftah amejitakia. Maana nyinyi hamjui nilivyompata Maftah.

Mwaka wa sitini na saba alikuwa kijana mwenye kibanda cha kushona kanzu na kofia, akagombea kamati ya shule kwa mara ya kwanza. Wazazi walinyoosha mikono. Alishinda kwa tofauti ya mikono miwili, na mpaka leo wapo wanaosema mmoja ulikuwa wa mzee aliyekuwa anajikuna kichwa. Mwaka wa sabini waliona mikono ni ugomvi, wakaweka mabirika mawili ya udhu mezani, kila mzazi atumbukize buni moja ya kahawa katika birika la mtu wake. Nasser alisimama dhidi yake. Birika la Maftah lilijaa mpaka mdomoni. Nasser akadai buni nyingine zilikuwa zimetafunwa, zisihesabiwe. Watu wakacheka wiki nzima.

Mwaka wa sabini na tatu walipanga mistari uwanjani, kila mtu nyuma ya amtakaye, na wakati huo askari walikwishakuwa kila kona. Nyuma ya Nasser walisimama tisa, wawili wakiwa wafanyakazi wa duka lake. Mstari wa Maftah ulitoka nje ya geti. Wakampa uenyekiti. Ndiye aliyeyasukuma madawati kwa mkokoteni, yeye mwenyewe, kutoka shule ya Wahindi iliyofungwa, mpaka kanzu ikapasuka mgongoni. Nilimshonea.

Lakini rudini sitini na saba. Mimi nilikuwa darasa la saba katika shule hiyohiyo. Baba alitaka kunitoa kabla ya mtihani, akasema msichana akijua kusoma Kurani na kuandika jina lake yatosha. Maftah, mjumbe mpya, akaja kwetu. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, akasema:

"Maalim, mwache amalize. Mtoto huyu ana kichwa."

Baba akaniacha nikamaliza la saba. Baada ya miaka minne Maftah akarudi, akakaa palepale karibu na mlango, safari hii na mjomba wake. Alikuja kama mjumbe, akarudi kama mchumba.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa tatu mwaka huu tulikuwa tunakunywa chai, akaniambia: "Yule mwalimu mpya, Maimunah, ana kichwa."

Neno lilelile! Kikombe kikanitoka mkononi.

Tangu siku hiyo nikaanza kutazama. Nikaona vumbi la chaki kwenye mkono wa kanzu yake. Nikaona sukari yetu, iliyopatikana kwa foleni ya tangu alfajiri, inapungua na haijanywewa. Nikamtazama na Maimunah. Anafunga ushungi kwa pini mbili, kama anayeogopa usimtoroke. Adhana ikilia, huangalia kwanza wenzake wanafanya nini. Darasani ni Kiingereza kitupu, na nje ukimsalimu anainamisha kichwa tu, hasemi. Nikasema, haya ni maringo ya wenye vyeti. Mimi wa la saba nitasemeshwa nini?

*

Ijumaa kabla ya kwenda kuswali, Maftah akaanza kupapasa mifuko ya kanzu zote.

"Sabah, hukuona karatasi?"

"Hongera, bwana harusi," nikamjibu.

"Harusi ya nani?"

"Ya yule ambaye mahari yake iko tayari."

Akacheka. Kisha kicheko kikakatika katikati, kama uzi kwenye cherehani.

"Karatasi ya Ssenkubuge umeisoma?"

"Nilimaliza la saba. Au umemsahau aliyenibakisha?"

"Imeandikwa mahari?"

"Imeandikwa mahali, lakini Ssenkubuge unamjua mwenyewe, hawezi ku..."

"Imeandikwa mahali," akasema polepole, "kwa sababu ni mahali."

Akakaa kitandani. Akanishika mkono, akanieleza kwa sauti ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Maimunah si Maimunah. Jina lake ni Akwero, mwalimu kutoka kaskazini. Mume wake, Odur, alikuwa askari, wakamchukua kambini mwezi wa kwanza pamoja na wenzake wa kabila lao. Akwero akazunguka kwenye mageti ya kambi kumuulizia, mpaka wakaanza kumuulizia na yeye. Maftah akampa kazi, akampa jina, akampa na ushungi. Na sasa mtu wa reli wa Namuwongo, Mkenya mmoja aitwaye Owuor, amekubaliana na wazee wenzake wa reli, wamemtafutia mahali ndani ya behewa la mizigo liendalo mpakani. Jumamosi jioni, saa kumi. Watu wote wakiwa macho kwenye uchaguzi, yeye atateremka kilima.

"Na ile 'baada ya kula'?" nikauliza.

"Kura, Sabah! Baada ya kura!"

Ndipo nikaona nilivyosoma. Neno la kwanza lilikuwa sawa, nikaliharibu kwa kulisahihisha. Neno la pili lilikuwa na kosa, nikaliacha lilivyo, kwa kuwa harusi ina pilau na mimi nilikuwa nataka iwe harusi.

"Barua iko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia.

Hakunipiga. Hakunigombeza. Alichukua kofia yake akaivaa, na ilikuwa ndani nje, hata hakujua. Nikasema afadhali angenipiga.

"Mbona hukuniambia, Maftah?"

"Uso wako hauna pazia, Sabah. Ukijua jambo, mtaa mzima unalisoma usoni mwako."

Na mimi, pamoja na yote niliyoyasikia, pamoja na roho ya mtu niliyokwishaitia hatarini, bado palibaki kitu kinanichoma. Alimwamini Ssenkubuge. Alimwamini Mkenya wa reli. Mimi wa mkeka mmoja hakuniamini.

"Tumtoe leo," nikasema.

"Analala palepale shuleni, na tangu asubuhi geti la shule lina askari wawili. Wanatazama nani anatoka. Na kesho asipoonekana uchaguzini, ndiyo amekiri."

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Baba yangu, Maalim Farouk, ndiye msimamizi, kama miaka yote, na tasbihi yake mkononi. Luteni aliketi kwenye kiti cha mwalimu mkuu, miguu ameinyoosha. Nasser alikuwa ameamkia kugawa sukari, kifungu kwa kila mzazi. Wazazi waliipokea, wakashukuru, wakaificha. Sukari haikataliwi.

"Tupange mistari," akasema baba.

"Kabla ya mistari, Maalim, nina neno," akasema Nasser, na akatoa barua. "Mwenyekiti wetu tunamheshimu. Lakini wazazi wana haki kujua. Nasoma." Akakohoa, akasoma kwa Kiswahili chake safi, kila kosa amelinyoosha: "Mahari ya Mwalimu Maimunah iko tayari. Wazee wamekubali. Jumamosi baada ya kula tutamwingiza. Mama wa nyumbani asijue."

"Yuuu!" wakasema wanawake.

"Sabah maskini!" mmoja akapiga kofi. "Yule aliyemkatalia muuza maziwa kwa sababu binti yake alimchekea Maftah!"

"Leo ng'ombe mwenyewe ameingia ndani!"

Wakaangua kicheko. Nasser akanyoosha mkono watulie.

"Mimi sina neno na ndoa. Ndoa ni sunna. Nauliza kitu kimoja. Mwanamke huyu hapa shuleni hana baba, hana kaka, hana mjomba. Wazee waliokubali ni wazee gani? Walii wake ni nani?"

Luteni akakunja miguu.

"Wewe mwalimu," akasema. "Kuja hapa. Toboa. Baba yako nani?"

Maimunah akatoka kwenye mstari wa walimu. Pini zake mbili zilikuwa zinang'aa juani. Nilimwona anavuta pumzi, na nikajua, wasomaji, nikajua kwa nini miezi yote ile hakunijibu salamu. Watu wa kwao hawana sh midomoni. Shule kwao ni sule. Shikamoo ni sikamoo. Akitamka maneno matatu tu, Luteni atajua katoka wapi, na hahitaji la nne.

Akafungua kinywa.

"Bwana mkubwa!" nikapiga kelele. "Bibi harusi hasemi mbele ya watu!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Miguu yangu ikanipeleka mbele, sijui nani aliituma.

"Wewe nani?" akauliza Luteni.

"Mimi mke wa Maftah." Nikainua kidevu. "Mke mkubwa."

Maneno hayo mawili yalinitoka kama jino. Umri wangu miaka ishirini na mitatu, nimejiita mke mkubwa mbele ya mtaa mzima.

"Hii barua nasema wewe hapana jua," akasema Luteni.

"Karani ndiye asiyejua kwamba najua. Mahari nimeiona kwa macho yangu. Iko nyumbani kwangu, kwenye sanduku langu. Nani kawaambia mimi sijui? Nani kati yenu aliniuliza?"

Nasser akanitazama. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Hangeweza kusema mbele ya wazazi kwamba mimi ndiye niliyempelekea barua bila kueleza alikuwa na shughuli gani na mke wa mtu dukani kwake. Lakini mtu aliyeshindwa mara mbili hakati tamaa upesi.

"Vizuri," akasema. "Walii wake?"

"Baba yangu."

Uwanja mzima ukamgeukia Maalim Farouk. Tasbihi ikasimama mkononi mwake.

"Baba yako?" Nasser akasogea. "Kwa vipi?"

"Maimunah ni dada yangu," nikasema.

Na hapohapo nikajua nimeanguka shimoni. Niliona kwenye uso wa baba. Niliona kwenye meno ya Nasser.

"Dada!" akasema Nasser, anafurahi kama mtoto wa sikukuu. "Maalim, tufundishe. Mtu aweza kuoa dada wawili, wote wako hai?"

"Haramu," wakasema wazee watatu kwa pamoja, hata kabla ya baba.

Luteni akavua miwani. Sikuwahi kuyaona macho yake. Yalikuwa madogo, yamechoka.

"Sabah," akasema baba polepole, sauti ileile ya chuoni, mtoto akikosea aya. "Rudia. Sema vizuri. Dada gani?"

Alikuwa ananipa njia. Nikaikamata.

"Dada wa kwa baba mdogo," nikasema. "Wa Mbale."

Baba hana ndugu Mbale. Baba hana ndugu mwanamume popote duniani, ana dada mmoja tu, kipofu, anakaa Kisugu. Na baba yangu ni mtu ambaye mtoto akichomwa sindano hamwambii haitauma. Nilimwona anamtazama Maimunah, pini zake, mikono yake yenye chaki. Akasogeza punje moja ya tasbihi.

"Huyu ni mtoto wetu," akasema. "Mwenye kumdai, anidai mimi."

Hakuna alichodanganya. Hebu rudieni maneno yake muone.

Kisha Luteni akaanza kucheka, kwanza tumboni, halafu mabegani.

"Nasser! Wewe naita mimi kuja kamata adui, kumbe naita mimi harusi!"

Uwanja ukalipuka. Hata waliokuwa wanaogopa walicheka, kwa hofu iliyopata mlango. "Mistari! Mistari!" wakapiga kelele, na wakapanga. Wanawake waliokuja kuniona nikifedheheka wakasimama wote nyuma ya mume wangu. Mstari wa Maftah ulizunguka vyoo vya wavulana ukarudi. Nyuma ya Nasser walikuwa watano, na sukari yao.

Maftah akashinda mara ya nne. Hakutabasamu. Alikuwa anatazama jua.

Saa tisa na robo.

*

"Ngoja," akasema Luteni, watu walipoanza kutawanyika.

Alichukua barua kwa Nasser, akaigonga kwa kidole.

"Kura kwisha. Hapa naandika baada ya kula naingiza bibi. Shehe iko. Bwana iko. Bibi iko. Baba iko. Nyinyi nangoja nini? Funga sasa hivi. Mimi shahidi. Halafu mimi mwenyewe napeleka maharusi na gari yangu mpaka nyumbani." Akavaa miwani. "Isipokuwa hapana harusi. Kama hapana, sema."

Maftah alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa macho yake yaliniuliza mimi afanye nini.

"Mwali hafungiwi ndoa hivihivi kama anayenunua ndizi," nikasema. "Nampeleka darasani kumfunika. Wanaume wangojee."

"Upesi," akasema Luteni.

Nikamshika Maimunah mkono, tukaingia darasa la kwanza, nikafunga mlango. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumgusa. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na mgumu kuliko nilivyofikiri. Nilikuwa nimeuota mkono huo wiki ngapi, umelainika, una hina.

"Vumilia," nikamwambia. "Ni maneno tu. Utasema nimekubali, baadaye..."

"Siwezi, dada." Akanishika mabega, akaninong'oneza. "Odur hajafa. Alitoroka. Yuko ndani ya behewa sasa hivi, ananingoja. Mtu wa reli alinipa habari jana. Behewa likiondoka bila mimi, atateremka kunitafuta. Najua atateremka. Na watamuua." Kisha akasema, akilia, "Nilitaka kukuambia kila siku pale sule, dada. Nilikuwa naogopa kukuamkia."

Sule.

Dirisha la nyuma la darasa la kwanza linatazama mteremko wa kwenda stesheni. Chini yake alisimama Ssenkubuge na baiskeli yake, ametoa jasho, ananionyesha saa yake. "Mama, saa halaka inakwisha!" akanong'ona. Na mimi, kwa mara ya kwanza, sikumsahihisha.

Nje Luteni alikuwa anapiga honi ya gari. Alitaka mwali. Mwali lazima atoke.

Nitawaambia ukweli, maana tumetoka mbali pamoja. Nilichofanya nilikifanya kwa ajili ya Akwero. Lakini robo yake, labda nusu, ilikuwa ni kwamba sikuweza kuvumilia mwanamke mwingine akae kando ya Maftah mbele ya baba yangu na kuulizwa kama amekubali. Hata kwa uongo. Hata kwa dakika mbili.

Nikazichomoa pini zake mbili. Nikauvua ushungi wake, nikamvisha buibui langu.

"Nenda," nikasema. "Wewe una mahali pako."

Akapanda dawati, akapita dirishani. Nikasikia kengele ya baiskeli mara moja, kisha changarawe, kisha kimya. Nikajifunga ushungi wa Maimunah, nikajitia pini moja huku na moja huku. Nikajifunika juu yake kanga mbili nilizokuwa nimejifunga chini ya buibui, gubigubi, kuanzia utosini mpaka vidoleni, isionekane hata ncha ya pua. Nikainama kidogo, kwa kuwa yeye ni mfupi. Nikafungua mlango.

Kupitia kitambaa niliona jua tu na vivuli. Wanawake wakapiga vigelegele. Wakaniketisha mkekani, mkono wa kushoto wa mume wangu, na harufu yake ikanijia, sabuni na uzi mpya. Maftah alikuwa anatetemeka. Hakujua. Alifikiri ameketi kando ya mke wa mtu.

Nikakibonyeza kidole chake kidogo mara tatu, kama ninavyofanya nyumbani nikitaka anipishe mto.

Kutetemeka kukakoma.

Baba akaanza hotuba ya ndoa. Alifika katikati, sauti yake imetulia, na mimi nikaanza kuamini. Chini ya kilima gari moshi likapiga honi ya kwanza. Bado dakika chache tu.

Ndipo viatu vya Luteni vikaja, vikasimama mbele ya mkeka.

"Ngoja, Shehe," akasema. "Mke mkubwa iko wapi? Ile mama ya maneno mingi. Mimi nataka yeye kuja hapa, nashika mkono ya mwenzake, nasema mbele yangu nakubali."

Kupitia kitambaa nikaona vivuli vya vichwa vinageuka kunitafuta.

"Nasser," akasema Luteni. "Wewe ingia darasani. Leta yeye."

Na mle darasani palikuwa na madawati matupu na dirisha lililo wazi, basi.